Mpaka Usagara Hatujaamua Kitu

Swali la tisa kwenye ile karatasi lilikuwa hili: "Mara ya mwisho msafiri kupanda chombo cha majini ilikuwa lini?" Nikaandika: sijui. Swali la kumi: "Kuna njia anayoikwepa? Kama ipo, kwa nini?" Nikaandika: hapana. Halafu nikakumbuka jambo, nikaongeza pembeni kwa herufi ndogo: hupenda kupitia Kahama.

Dada mwenye ofisi alikuwa upande wa pili wa meza, anasoma maandishi yangu yakiwa kichwa chini.

"Kahama?" akauliza. "Si umesema mama anakwenda Muleba?"

"Ndiyo. Huwa anapitia Kahama."

"Dada yangu, kutoka Mwanza kwenda Muleba kwa kupitia Kahama ni kutoka sebuleni kwenda jikoni kwa kuzunguka nyumba ya jirani. Kwa nini anapitia Kahama?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Nina miaka 33. Kwa miaka kumi sasa nimekuwa nikilipwa ili niulize watu maswali: wavuvi, mawaziri, wajane, madiwani waliokula hela za madarasa. Lakini kwa nini mama yangu mzazi, tangu niko darasa la kwanza, anakwenda kwao kwa kuzunguka mikoa miwili, hilo sikuwahi kumuuliza. Nilidhani ndivyo watu wanavyokwenda Muleba.

Niliingia kwenye ofisi hiyo kwa sababu ya keki. Mwaka 2025 mama alikuwa anatimiza miaka 65, na sisi wanawe watatu tulikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp tunabishana tumfanyie nini. Mdogo wangu akasema keki na kitenge. Kaka, ambaye yuko Dar, akasema tumtumie hela, mtu mzima anajua mahitaji yake. Mimi nikasema safari. Juni 19 mwaka huo daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa, kilomita tatu za zege juu ya ghuba ya Mwanza, na mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Kabla ya hapo ulikuwa unapanga foleni kusubiri kivuko, siku mbaya unakaa saa mbili. Nikaandika kwenye kundi: tumpeleke mama nyumbani Kamachumu akamwone dada yake, halafu tumtembeze. Wakakubali, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyejitolea kupanga.

Nikapanga usiku mmoja, kwa furaha. Siku ya kwanza, MV Butiama kwenda Nansio, Ukerewe, kwa sababu nimekuwa nikitamani miaka mingi kuona mahali Aniceti Kitereza alipoandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Riwaya ile aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakaa miaka 35 mpaka Kiswahili chake kikachapwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Siku ya nne, kisiwa cha Rubondo, kuna sokwe na tembo. Siku ya saba, Bukoba, na boti ya kutupeleka kisiwa cha Musira kupiga picha. Katikati hapo, Kamachumu.

Hebu isome tena orodha hiyo. Ukiitoa Kamachumu, kila kitu ni maji. Na usifikiri sikujua habari za mjomba. Mdogo wake mama wa mwisho alikufa kwenye MV Bukoba. Hilo kwetu linajulikana kama kabila letu linavyojulikana. Halisimuliwi, lipo tu. Nilikuwa na miaka minne. Nilidhani miaka 29 inatosha. Kusema kweli hata sikudhani. Sikufikiria kabisa.

Ile ofisi iko ghorofa ya pili, karibu na Makoroboi, juu ya duka la vitenge. Feni moja, meza moja, ramani kubwa ya ziwa ukutani yenye pini za rangi. Mwenyewe ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyeanzia mapokezi ya hoteli kule Capri Point, akawa anaona wageni wanavyouziwa safari zisizowafaa: mzee wa magoti mabovu anapelekwa kupanda mawe, wanandoa wa fungate wanapangiwa gari moja na watoto sita wa shule. Akaacha kazi, akaanza yake. Wageni ndio wanaomlisha. Anawapangia Serengeti kwa lango la Ndabaka, Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, Saanane kwa wenye nusu siku, na hoteli ndizo zinampa chochote kwa kila mteja anayempeleka. Watanzania wanaokuja ni wachache, na hao inabidi wamlipe wenyewe, kwa sababu nyumba ya wageni ya Kahama haitoi kamisheni.

Kwetu mimi alitaka Sh 120,000, nje ya nauli na malazi. Kaka aliposikia alinipigia simu badala ya kuandika.

"Laki na ishirini ya nini? Si mnakwenda Nyegezi mnapanda basi?"

Nikamwambia yule dada maneno ya kaka. Hakukasirika. Alisema anayasikia kila wiki. "Watu wa kwetu wanamlipa dalali awaonyeshe chumba, wanamlipa fundi awakate suruali. Mtu wa kuwaambia njia wanamwona mwizi, kwa sababu njia ni ya wote."

Nilipokuwa narudi nyumbani nililifikiria hilo, kwa sababu kazi yenyewe si ngeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilikuwa na kirangozi, mtu wa kutangulia mbele. Katika msafara ilibidi awepo anayejua maji yako wapi, mtemi gani anadai hongo kiasi gani, kijiji gani hakipitiki mwaka huo. John Hanning Speke alipofika hapa Mwanza Agosti 1858, akaliona ziwa na kulipachika jina la malkia wake, hakuja kwa kunusa njia. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, aliyekamatwa mtoto, akauzwa utumwani India, akarudi Afrika akiwa huru na akiwa na lugha ambayo Speke angeweza kuelewana naye. Kitabu kikabeba jina la Speke. Kupatana, kutafsiri, kujua nani anaogopa nini, hiyo ilikuwa kazi ya kina Bombay. Na walilipwa. Kidogo, lakini walilipwa.

Basi nikalipa. Akanipa karatasi ya maswali 18, na mengine kumi hivi sikuweza kuyajibu. Akanirudishia.

"Nenda kamuulize mwenyewe. Usimwambie ni ya nini. Sema tu unamwuliza."

Jumapili nikaenda Nyakato. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, mikono ameipaka mafuta utomvu usimgande. Nikavuta kigoda, nikatoa karatasi na kalamu.

"Unanihoji?"

"Nakuhoji, mama."

"Haya. Nitatoka gazetini?"

Anaamka saa ngapi? Saa kumi na moja, hata asipotaka. Ngazi? Anapanda, ila asihimizwe. Safarini anakula nini? Chai na mkate mpaka afike. Vyoo vya njiani havina adabu. Nani asikae naye kiti kimoja? Hapo alicheka mpaka akaweka kisu chini, akataja shangazi yangu mmoja ambaye huwa anasoma kurasa hizi, kwa hiyo tusonge mbele. Safari aliyoifurahia kuliko zote? Nilidhani atasema ile ya Dar, mahafali yangu. Akasema Krismasi ya 1995, mimi na yeye na kaka, kwa meli. "Wewe ulitapika mpaka Kemondo. Lakini kulikuwa na mwezi."

Hivyo swali la tisa likawa limejijibu. Nikaandika 1995.

"Kuna njia unayoikwepa?"

Kisu kiliendelea kumenya.

"Mama, kwa nini huwa tunapita Kahama?"

"Busisi kuna kivuko."

"Najua kuna kivuko."

"Basi unajua."

Siku nyingine ningeishia hapo. Ndivyo tulivyolelewa: mtu mzima akifunga mlango husukumi. Lakini karatasi ilikuwa na maneno mawili zaidi, kwa nini, na nilikuwa nimelipia jibu. Nikamsomea kama yalivyoandikwa. "Hapa wameuliza, kwa nini."

Akanawa mikono. Mafuta hayatoki kwa maji matupu, akaenda ndani kuchukua sabuni, akakaa huko muda. Aliporudi alikaa chini kabisa, kwenye mkeka, akaegemea ukuta.

"Mimi ndiye niliyempandisha ile meli," alisema.

Mjomba alikuwa na miaka 21. Alikuwa anakuja Mwanza kukaa kwetu, ajifunze ufundi wa magari. Yeye alitaka kuja kwa basi, ateremke popote anapotaka, aone nchi. Mama akamwambia basi litakuvunja mgongo, mvua zenyewe hizi. Panda meli, unalala, unaamka Mwanza. Akamtumia nauli ndani ya bahasha kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko. Akaweka nauli ya daraja la pili, apate mahali pa kulala, kijana asije akafika amechoka siku ya kwanza.

MV Bukoba ilizama Jumanne asubuhi, Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kufika. Mnaosoma hapa wengi mnayajua: meli ya kubeba abiria 430, waliokufa wanakadiriwa kuwa mia nane au zaidi, siku tatu za maombolezo alizotangaza Rais Mkapa, lile tundu lililotobolewa kwenye ubavu wa meli ili kuokoa watu na hewa ikatoka. Mimi mwenyewe nimeyaandika kila kumbukumbu ilipofika, nikaenda Igoma na daftari langu, nikanukuu wahusika. Jambo ambalo sikuwahi kulisikia ni hili la mama.

"Walisoma majina ya daraja la kwanza na la pili. Jina lake halikuwepo. Nilifurahi, mwanangu. Siku mbili nzima nilikuwa mtu mwenye furaha katika mji ule wa vilio. Nikasema hakupanda. Amekuwa mbishi kama kawaida yake, amekuja na basi. Nikapika. Siku ya tatu mtu aliyemwona Kemondo akaniambia alipanda, tena na mkungu wa ndizi. Alikata daraja la tatu abaki na chenji. Daraja la tatu hawakuandika majina."

Hakupatikana. Labda yuko Igoma, kwenye yale makaburi ya wasiotambuliwa. Labda hayuko. Igoma ni mwendo mfupi tu wa daladala kutoka Nyakato na mama hajawahi kwenda.

Nilikumbuka mambo mawili pale kwenye kigoda. La kwanza, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama kikiwa kimekaribia Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Mhariri alinituma. Mama alinipigia asubuhi, akasema, "Usiende." Nikamjibu kwa ukali, "Mama, hii ni kazi," nikapanda boti. Niliporudi hakunipigia wiki nzima, na mimi nikaona ni deko. La pili, orodha yangu ya zawadi: Nansio, Rubondo, Musira. Kwa hiyo zawadi yetu kwa mama ilikuwa kumzungusha ziwani siku nane.

Mama alinyoosha mkono. "Endelea. Swali la kumi na moja."

La kumi na moja lilikuwa kama anatumia chandarua.

Jumatatu nikarudi Makoroboi. Nilimweleza yule dada kwa kifupi, kama unavyomweleza daktari, huku natazama pini za ramani. Hakusema pole mara moja. Alichukua ile orodha yangu, akakata Nansio, akakata Rubondo, akakata Musira.

"Hii safari ni nzuri sana," alisema. "Ila ni ya kwako. Mwakani uje nikupangie, nakuona umemtamani sana huyo Kitereza."

Nilicheka, kidogo nilie.

Halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimeshalifunga. "Na daraja?"

"Daraja si chombo."

"Lakini chini ni maji yale yale. Wewe ndiye unayeona ni barabara."

Nikapendekeza nimpigie mama hapo hapo, nimuulize. Akanizuia. Maneno yake niliyaandika baadaye kwenye ngazi: "Usimuulize leo. Ukimuuliza akiwa nyumbani atakujibu kama mama, yaani atajibu unachotaka, hela zenu zisipotee. Muulize njia panda, gari limesimama, chai iko mkononi, na majibu yote mawili yameshalipiwa."

Njia panda yenyewe ni Usagara. Ukitoka Mwanza kwenda kusini, pale Usagara barabara inagawanyika: kulia unakwenda Kigongo na darajani, ukinyoosha unakwenda Shinyanga, halafu Kahama, halafu unapandisha Nyakanazi na Biharamulo mpaka Muleba. Akaweka vyumba sehemu mbili, usiku mmoja: Chato na Kahama. Kahama kwa mama mmoja anayefahamiana naye, kwa ahadi ya mdomo tu. Chato kwa malipo ya nusu, ambayo yangepotea tusipofika. Akatafuta dereva mtu mzima, gari dogo badala ya basi, kwa sababu basi huwezi kulirudisha nyuma. Akanipa karatasi moja ya mpango, na juu yake ameandika kwa mkono: Mpaka Usagara hamjaamua kitu.

Tuliondoka Agosti, siku chache baada ya Nane Nane, saa kumi na mbili asubuhi. Mdogo wangu alikuwa mbele na dereva, mimi na mama nyuma. Usagara tukasimama kwenye banda la chai. Mama akachukua chai ya rangi na mkate, kama karatasi ilivyosema. Moyo ulikuwa unanidunda kama nakwenda kumhoji rais.

"Mama, kuna njia mbili. Kulia ni daraja, kule ni Kahama. Kote tumeweka vyumba. Utakavyosema."

Akamtazama dereva, akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. "Kote mmelipia?"

"Kote."

"Nani kapanga hivi?"

"Yule dada wa mjini."

Akanywa chai yake yote, taratibu, mpaka zile punje za majani chini. Malori yalikuwa yanapita. Dereva, Mungu ambariki, alikwenda kuangalia upepo wa matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

"Twende Kahama," alisema.

Nisijifanye mtakatifu. Nilinuna. Nilikuwa nimechaji kamera kwa ajili ya daraja, nilikuwa nimeshaliona aya ya mwisho ya makala hii kichwani: mama dirishani, ziwa linang'aa. Nikakaa nimenyamaza mpaka karibu Shinyanga.

Kilichonitoa kwenye kununa ni mama mwenyewe kuanza kusema. Tinde: hapa basi liliharibika, wewe ulilala juu ya gunia la mchele, hukuamka mpaka asubuhi. Isaka: hapa kaka yako alishuka kununua karanga, basi likamwacha, abiria wote wakapiga kelele. Tulipofika Kahama alitaka kuona mahali palipokuwa na mama ntilie mmoja aliyekuwa anatuwekea maji ya moto ya kuoga. Hapakuwa na mama ntilie wala banda, kuna duka la simu. Mama alisimama mbele ya duka lile kwa dakika kadhaa, kijana wa ndani akadhani anataka vocha. Kwangu Kahama ilikuwa usumbufu wa utoto, vumbi na viti vigumu. Kwake ilikuwa barabara ambayo amelelea watoto watatu. Safari yangu ya Ukerewe isingekuwa na mahali hata pamoja panapomjua.

Kesho yake jioni tulikuwa Kamachumu. Kule juu kuna baridi na migomba mpaka mlangoni. Mama mkubwa alitupokea na kahawa ya kutafuna, na tukakaa siku nne. Usiku wa pili wale ndugu wawili walikaa jikoni mpaka usiku mwingi, wanaongea Kihaya. Kihaya changu ni cha kuombea maji, lakini katikati ya maneno nisiyoyajua nilisikia mawili ya Kiswahili yanajirudia: nauli, meli, nauli. Kisha nikasikia mama mkubwa anacheka, kicheko cha chini, na mama amekaa kimya.

Sikuuliza. Asubuhi mama alinieleza mwenyewe, tukiwa tunaosha vyombo. Alikuwa amemwambia dada yake habari ya bahasha, kwa mara ya kwanza. Na dada yake akamwambia: tulijua. Kijana mwenyewe alitangaza kijiji kizima kwamba dada yake amemtumia nauli ya meli. Alikuwa hajawahi kupanda meli. Aliamka usiku wa manane kujiandaa wakati meli inaondoka jioni.

"Alifurahi," mama alisema, huku anasugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. "Anasema alifurahi sana."

Ile karatasi ya yule dada, kwenye siku ya kurudi, ilikuwa na mstari mmoja tu: Kyamyorwa, mwulize tena. Pale ndipo barabara ya kutoka Muleba inapoachana, moja Biharamulo, nyingine Chato na Geita. Nilikuwa najiandaa kuuliza. Mama akaniwahi.

"Huku ndiko Chato?"

"Ndiyo, mama," dereva akajibu.

"Pita huku."

Hakuna aliyesema kitu. Chato, Geita, Sengerema. Tulifika Busisi kama saa kumi jioni, upepo umeanza. Mama alishusha kioo, akashika ule mshikio wa juu ya dirisha kwa mikono miwili. Hakufumba macho. Nilitaka kumshika, nikakumbuka kwenye swali la kumi na sita aliandika kwamba akiwa na hofu asiguswe, aachwe. Nikamwacha. Kamera ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye buti.

Kilomita tatu, kwa mwendo wa yule dereva, ni dakika nne hivi. Tukafika upande wa Kigongo, kwenye udongo.

"Limeisha?" mama akauliza.

"Limeisha."

"Hivi tu?"

"Hivi tu, mama."

Akaachia mshikio, akatazama viganja vyake. Mpaka Nyakato hakusema lolote zaidi ya kumwambia dereva apunguze mziki.

Kaka alinipigia wiki ile. Alitaka mahesabu, kama kawaida. Nauli, mafuta, vyumba, nusu ya Chato iliyopotea. Akafika kwenye ile laki na ishirini. "Hebu niambie, alifanya nini hasa huyo mtu?"

"Aliuliza maswali 18."

"Hata mimi ningeuliza."

"Ungeuliza nini?"

Alinyamaza kwa muda, nikasikia honi za Dar nyuma yake. Kisha akasema, taratibu, "Hivi kwa nini tulikuwa tunapita Kahama?"

Nikamwambia ampigie mama.

Mpango wa yule dada una karatasi ya mwisho, ya maoni, ambayo lazima ajaze msafiri mwenyewe, si aliyelipa. Niliipeleka Makoroboi mimi, nikaisoma njiani ndani ya daladala. Mama ameandika kwa ule mwandiko wake wa kukaza kalamu: Dereva mzuri, mziki apunguze. Kahama chumba kina mbu. Chai ya Usagara nzuri. Chini kabisa, kwenye nafasi ya safari ijayo, ameandika neno moja: Igoma.

Yule dada alisoma, akaifungia kwenye faili. "Hiyo mwambie siidai kitu," alisema. "Daladala zinapita mlangoni kwake. Ila aende asubuhi, na wewe usibebe daftari."